Ng'ombe wa Wolota

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwangu hapa Makadara, Nairobi, nikimenya viazi, niliposikia kicheko kutoka sebuleni. Hakikuwa kicheko cha mwanangu. Kilikuwa cha watu wengi, wake kwa waume, waliocheka kwa pamoja kama waliopewa amri, kisha wakanyamaza kwa pamoja vilevile, ghafla, kana kwamba mtu amewafunika kwa sufuria. Sauti moja ikasema jambo kwa Kiingereza cha puani, na wale watu wakacheka tena. Nikaacha kisu. Maji ya viazi yalinitiririka hadi kwenye kiwiko nami nimesimama tu. Mwanangu alikuwa akitazama kitu kwenye simu yake, sijui kitu gani, wala sikuuliza. Mimi sikuwa Makadara tena. Nilikuwa Kaloleni, nina miaka kumi, nimeketi sakafuni miguuni pa nyanya yangu, na mkono wake mkavu uko kichwani mwangu, ukingoja nimweleze watu wale wanacheka nini.

Nyanya yangu tulimwita Kukhu, kama Wabukusu wote wanavyowaita nyanya zao. Alikuja kwetu mwaka ule baada ya kujimwagia uji wa moto mguuni huko nyumbani Bungoma. Alikuwa amedhani anaumimina kwenye bakuli. Baba alipopata habari aliomba ruhusa kazini, akaenda kumleta, na Jumamosi moja wakashuka kwenye basi wakiwa na kuku wawili kwenye kikapu na shuka moja iliyofungwa mafundo. Nakumbuka nilivyokimbia kumpokea, naye akauangalia uso wangu, au tuseme akauelekea, kwa macho yaliyokuwa yamepanda weupe kama maziwa yaliyoanza kuganda. Akanipapasa pua, akanipapasa masikio, akasema, "Huyu ni Nekesa. Masikio haya ni ya ukoo."

Nyumba zetu za Kaloleni zilikuwa za mawe, na vigae vyekundu juu, ukuta mmoja tukigawana na jirani. Asubuhi upepo ukitokea upande wa viwandani ulituletea harufu ya mkate, jioni ukatuletea ya rangi, na katikati ya siku kila kitu kilinuka sabuni, kwa kuwa Baba alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni na nguo zake zilianikwa dirishani. Tulikuwa na mzaha kwamba Baba ananukia vizuri kabla ya kuoga kuliko sisi baada ya kuoga. Mama alikuwa fundi wa cherehani. Alishona sare za shule pale pale sebuleni, na mlio wa cherehani yake ulikuwa kama pumzi ya nyumba, hata ukinyamaza tuliinua vichwa kujua kuna nini.

Daktari wa macho alimtazama Kukhu kwa taa ndogo, akasema ni mtoto wa jicho tu, anaweza kuondolewa, ila foleni ni ndefu, arudi baada ya majuma kumi. Baba alifurahi. Kukhu alingoja mpaka tulipofika nyumbani. Hapo ndipo alipoketi, akavua viatu, akatangaza kwamba alikuwa ameishi miaka mingi na kuona mengi, na ya kuona yaliyobaki si lazima. Kule kwao, alisema, kuna mwanamke aliyeambiwa kwamba madaktari hulitoa jicho lenyewe, wakaliosha kwenye karai, ndipo wakalirudisha. Je, wakilirudisha juu chini?

Baba alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuwaita vibarua kutoka mwisho wa kiwanda, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto. Alisema, "Tungoje tu, Mama." Kukhu akasema sawa, atangoja hadi Jumamosi.

Ikawa kila wiki ni Jumamosi. Mjini hakukuwa na kazi yake. Kuna msemo wa mgeni kupewa jembe siku ya tatu, na Kukhu hakungoja kupewa, alilidai mwenyewe. Mama akampa kijembe kidogo ili asikae bure, naye akashuka mlangoni, akapiga magoti, akapapasa bustani ndogo iliyokuwa mbele ya nyumba, na hadi saa sita maua yote ya Mama yalikuwa yamelala kando kwa safu nzuri, pamoja na magugu. Mama aliyatazama, akameza mate, akasema, "Asante, Mama. Palikuwa pamechafuka."

Sasa niwaambie juu ya wale wa piano.

Televisheni yetu ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na wakati wote ambapo haikuwa ikitazamwa ilifunikwa kitambaa alichokifuma Mama kwa mkono. Kitambaa kilitolewa polepole, kwa adabu, kama mtu anayemfunua bibi harusi. Ilichukua muda kuwaka. Kwanza lilikuja joto, na harufu ya vumbi lililoungua, kisha nukta nyeupe katikati, kisha watu wakawa wanatokea mmoja mmoja kutoka ukunguni. Stesheni ilikuwa moja, kwa hiyo mtaa mzima uliona ndoto moja kwa wakati mmoja. Na kila Alhamisi jioni, kabla ya taarifa ya habari, ndoto hiyo ilikuwa ya familia moja ya Marekani.

Jina la kipindi limenitoka, na hata nilipokumbuka kulitafuta ukubwani sikulipata. Watu wa Kaloleni waliwaita Wale wa Piano. Baba wa nyumba, Walter, alikuwa mtu mrefu na mwembamba aliyetengeneza piano mbovu za watu, na nyumba yake ilikuwa imejaa piano hata familia ikawa inapita ubavu-ubavu. Mkewe, Dora, aliendesha basi la shule. Walikuwa na watoto mapacha wa kiume ambao sikuwahi kuwatofautisha, na binti mkubwa, Linda, aliyependa kijana mmoja wa pikipiki ambaye baba yake hakutaka kumsikia. Chumba cha juu alikaa mama yake Dora, bibi kizee mwenye masikio mazito, aliyejibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Kila alipojibu, watu wale wasioonekana walicheka.

Alhamisi ya kwanza Kukhu aliketi nasi kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuketi. Akasikia kicheko, akaniuliza, "Wamesema nini?" Nami nikaanza kumweleza, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza.

Haikuwa kazi rahisi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano, nacho cha Walter kilipitia puani kwa kasi, hivi kwamba niliambulia neno moja kati ya matatu. Kibukusu changu nacho kilikuwa cha mtoto wa Nairobi, chenye matundu, nikayaziba kwa Kiswahili. Na zaidi ya maneno nilipaswa kumpa picha, kwa maana yeye aliona mwanga tu unaochezacheza. Kwa hiyo nilieleza kila kitu: mlango, kofia, ngazi, namna Dora alivyoshika kiuno. Nisipoelewa nilibuni. Nikibuni, Kukhu alicheka, na mara nyingine alicheka kabla ya wale wasioonekana.

Maswali yake hayakuwa na mwisho. Wana shamba? Hawana, Kukhu. Wanakula nini basi? Nikamwambia wana kabati jeupe lenye taa ndani, wanalifungua na chakula kimejaa. Akafikiri. "Kabati lina taa ndani," akasema, "na binti bado hana nyama mwilini." Walter yeye alimwita Wolota, na alimwonea huruma kama mtu wa kwao. Mwanamume asiye na shamba, alisema, lazima apigepige hata mbao ilimradi asikike. Ila wale waliocheka hakuwaelewa kabisa. Alitaka kujua wamekaa wapi. Nilikuwa nimeshachungulia nyuma ya televisheni siku nyingi kabla, kwa hiyo nilijibu kwa uhakika kwamba wako nyuma ya ukuta. "Kila Alhamisi?" akauliza. "Hawana kwao?"

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Wambui, rika langu, ambaye mama yake aliuza mitumba. Kwao hakukuwa na televisheni, hivyo Alhamisi alikuwa mtu wa kwetu. Alizungumza Sheng nzito, hata Kukhu kwa majuma mengi alidhani ndiyo lugha ya kabila lao. Akiingia alisema, "Niaje, Kukhu?" naye Kukhu akaitikia kwa Kibukusu, na wote wawili wakaridhika.

Juma la tano, Baba alipojaribu tena kumsihi asiondoke Jumamosi, Kukhu alisema jambo lililotushangaza. Alisema hawezi kuondoka na kumwacha yule binti hewani. "Nitangoja nijue Linda anaolewa na nani. Jambo hilo likiisha, mnipeleke kwenye basi."

Baba alinitazama. Sijasahau macho yale. Alikuwa mtu mzima, mwenye watu chini yake kazini, ananitazama mimi kama mtu anayekabidhi ufunguo.

Majuma matatu kabla ya siku ya upasuaji, Alhamisi, tuliketi kama kawaida. Kitambaa kikaondolewa, vumbi likanukia, nukta ikatokea. Mtangazaji, mama mmoja mwenye nywele za kuinuka, akasema kwa Kiingereza kwamba kile kipindi tulichokizoea kimefika mwisho wake, na mahali pake tutaletewa kingine. Alitabasamu. Kisha wakaja ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa, wengi, na bwana mmoja mwenye koti na buti za mpira akieleza habari za majani na kupe.

Sikuamini. Alhamisi iliyotangulia Linda alikuwa ameachwa dirishani, mguu mmoja ndani na mmoja nje, pikipiki ikinguruma chini. Huwezi kumwacha mtu pale. Niliingoja picha ibadilike. Bwana wa buti akampiga ng'ombe kofi la upendo mgongoni.

"Wameanza?" Kukhu akauliza.

Niligeuka kumtazama Mama. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha sare katikati ya mshono, ananiangalia, na uso wake haukusema ndiyo wala la. Halafu akainamisha kichwa akaanza kukanyaga tena, kwa nguvu, kuliko nilivyowahi kumsikia akikanyaga, hata sauti ya yule bwana ikazama katika mlio wa sindano.

"Wameanza, Kukhu," nikasema. "Wolota ameingia. Ametoa kofia."

Maneno yalikuja yenyewe. Nikamshusha Linda dirishani kwa kuwa ilikuwa imeanza kunyesha na pikipiki ikagoma kuwaka. Nikamweka Dora mlangoni na kiuno chake. Ila ng'ombe waliendelea kulia pale kwenye kioo, mlio ambao cherehani yoyote isingeuficha, na Kukhu akainua kichwa. "Hicho ni nini?"

"Ni ng'ombe," nikasema. "Wolota amenunua ng'ombe."

Kukhu alipiga makofi taratibu, mara tatu. "Hatimaye," akasema, "mtu huyu amepata akili."

Wambui alikuwa amekaa kando yangu, mdomo wazi. Alitaka kusema kitu nami nikamfinya pajani hadi akatoa machozi. Baadaye, tukiwa nje penye bomba la maji, alinigeukia. "Neki, unampiga nyanyako fiksi, na haoni?" Nikamwambia habari yote: basi, Jumamosi, foleni ya hospitali, jicho. Alisikiliza huku akijipapasa paja. Mwishowe akasema kwamba kama ni hivyo, basi mimi natangaza vibaya. Watu wote wanaongea kwa sauti moja, ya kwangu. Linda anahitaji sauti yake.

Alhamisi iliyofuata Wambui aliketi karibu kabisa na televisheni, mgongo kwa Kukhu, akawa Linda. Kiingereza chake hakikuwa na neno hata moja la kweli. Kilikuwa pua tupu. Mama alikanyaga cherehani, Baba alijificha nyuma ya gazeti lililokuwa likitetemeka, nami nikatafsiri. Linda alikuwa anamlilia baba yake ampe ruhusa, Wolota alikuwa anakamua ng'ombe, mapacha walikuwa wamepotea. Katikati ya kilio cha Linda, Kukhu aliinamisha sikio. "Huyu binti ana mafua leo," akasema.

"Alinyeshewa, Kukhu. Ile siku ya dirisha."

"Mpeni maji ya moto," akasema, na mkono wake ukaendelea kutulia kichwani mwangu.

Kadiri siku ilivyokaribia, Kukhu alipungua maneno. Alikaa mlangoni asubuhi, uso kwenye jua, vidole vikikunja na kukunjua pindo la leso. Chakula alionja tu. Alhamisi ya mwisho kabla ya upasuaji hakuuliza habari za Linda. Aliniuliza, bila kugeuka, yule mama wa chumba cha juu, mwenye masikio mazito, hakuna dawa ya masikio huko kwao?

Sikuwa nimemfikiria yule mama kwa majuma mawili. Kwenye kioo bwana wa buti alikuwa akionyesha namna ya kukata majani. Nikasema kwamba hata leo, kwa bahati, Dora ameleta habari hiyo: hospitali imekubali kumtengeneza mama yake masikio. Nikaendelea. Wamemvalisha koti. Wolota amewasha gari. Mapacha wanapunga mikono. Wamefika, kuna mlango mrefu mweupe, na mtu wa kumpokea. Ameingia.

"Na amerudi?" Kukhu akauliza.

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa jepesi, neno moja tu, na watu wazima wote mle chumbani walikuwa wakilingoja. Hata cherehani ilikuwa imesimama. Lakini nilikuwa na miaka kumi, na sikujua kama watu hurudi. Mwaka uliotangulia babu yake Wambui aliingia hospitali kwa kikohozi na akarudi kwa jeneza. Kubuni ng'ombe ni jambo moja. Hili nililiogopa. Nilihisi kwamba nikisema amerudi, na kisha iwe sivyo, nitakuwa nimeufanya mimi huo uongo uliomuua.

"Bado, Kukhu," nikasema. "Wamekomea hapo mlangoni. Ni hadi wiki ijayo."

Bwana wa buti akaaga, taarifa ya habari ikaanza. Ndipo akanishika sikio, lile la ukoo, akalivuta kidogo.

"Basi itanibidi nirudi nisikie," akasema.

Jumatatu Baba alimpeleka, Jumanne wakampasua. Siku hizo naziona sasa kama kitu kilichotazamwa chini ya maji. Nilienda shule, nikarudi, nikakaa mahali pake mlangoni. Harufu ya mkate, harufu ya sabuni, harufu ya rangi. Mama alishona mikono miwili ya kulia katika shati moja, akakaa akaitazama, akafumua. Honi ya treni ilipolia upande wa stesheni sote wawili tulishtuka, utadhani imetuita majina.

Alhamisi mchana walirudi. Kukhu alikuwa amevaa miwani myeusi mikubwa kupita uso wake, anatembea mwenyewe, Baba nyuma yake mikono imenyooshwa kama mtu anayefuata mtoto anayejifunza kwenda. Alisimama mlangoni. Akaitazama bustani kwa muda, akamwambia Mama, "Mama Nekesa, nilikung'olea maua, nawe hukusema." Akaingia. Alimtazama Mama, akasema amekonda. Akanitazama mimi. Alinivuta hadi kwenye mwanga wa dirisha, akainua miwani kidogo, na nikaliona jicho lake la kulia, jekundu pembeni lakini jeusi katikati, jeusi kabisa, na mimi ndani yake, mdogo. Alinipangusa kitu shavuni ambacho nadhani hakikuwapo.

Mnadhani nilifurahi. Nilifurahi, ndiyo, hadi nilipokumbuka kwamba ni Alhamisi.

Saa zilikwenda mbio. Saa kumi na mbili nilitoka nje bila kuaga. Antena yetu ilifungwa kwenye mti mrefu ulioegemea ukuta, na nilikuwa nimemwona Baba akiuzungusha mara nyingi huku Mama akipaza sauti kutoka ndani, hapo hapo, rudisha, umepita. Nikaukumbatia ule mti nikauzungusha mpaka mikono ikaniuma, antena ikageukia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Wambui aliniona kutoka kwao. Alikuja akanisaidia kuusukuma.

Wakati wa kipindi ulipofika Kukhu aliketi kitini pake. Mama akaondoa kitambaa. Joto, vumbi, nukta. Kisha mvua, mvua nyeupe tupu ikichemka juu ya kioo, na mshindo wake. Baba akainuka kwenda kutazama antena, nikamwambia kwa haraka kwamba labda ni upepo, ingawa hata jani halikuwa likitikisika.

Kukhu aliitazama ile mvua kwa jicho lake jipya. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona televisheni yetu, na hicho ndicho kilikuwa ndani yake.

"Izimeni," akasema. "Inaniumiza." Baba akaizima. Nukta ikabaki kidogo, ikafa. Mama hakuwa akishona. Kukhu akapiga paja lake, akanionyesha mahali pangu sakafuni, nami nikaketi.

"Haya," akasema. "Yule mama wa masikio. Amerudi?"

Nililia kwanza. Nililia kwa aibu, nikamwambia kwamba hawapo, Kukhu, waliondoka siku nyingi, Wolota na wote, na ng'ombe si wake. Alingoja nimalize. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sauti ya Wolota niliacha kuisikia siku ile ile. Mtu asiyeona hapotewi na sauti."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema, ungenyamaza," akasema. "Haya. Amerudi?"

Nikasema amerudi. Nikasema masikio yake yanasikia hadi siafu wakipita, na jambo la kwanza alilolisikia ni Linda akilia, na yeye ndiye aliyekwenda kumwambia Wolota amruhusu yule kijana aje nyumbani kwa heshima, kwa mlango wa mbele. Nilizungumza mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyecheka nyuma ya ukuta. Tulicheka wenyewe.

Majuma mawili baadaye Kukhu alikwenda zake na kikapu kitupu na miche ya maua mapya aliyoomba kwa jirani. Mingine alikuwa ameshaipanda mbele ya nyumba kwa safu zilizonyooka, akiona kila jani.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Niliubeba uongo ule kama medali ndogo iliyofichwa kifuani: mtoto wa darasa la tano, amemshika mtu mzima kwa ng'ombe wa kubuni. Kukhu aliishi hadi nikawa mwanamke mwenye kazi na mshahara, jicho la pili nalo likaondolewa mtoto wake, akapepeta mahindi na kuchagua mawe kwenye maharagwe hadi wiki zake za mwisho. Alipofariki tulikwenda Bungoma kumzika. Usiku kabla sikulala. Asubuhi nikiwa nyuma ya nyumba nikiosha vikombe na Mama, alinieleza kitu alichokuwa amekinyamazia muda wote.

Alisema kwamba Alhamisi ile ya ng'ombe, mchana, aliingia chumbani akamkuta Kukhu amekwisha kufunga kikapu chake. Hakungoja Linda wala nani. Alikuwa amesikia kanisani habari ya mtu aliyepasuliwa akatoka kipofu kabisa, na alikuwa ameazimia kuondoka alfajiri ya Ijumaa, hata kwa kupapasa ukuta hadi barabara ya Jogoo. Alimwapisha Mama asimwambie Baba. Ndiyo sababu Mama alikanyaga cherehani vile. Na jioni ile, baada ya Wolota kununua ng'ombe, sisi watoto tulipotoka kwenda bombani, Mama alimfuata Kukhu chumbani akamkuta amepiga magoti, anafungua kikapu, anatoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga chini ya kitanda. Alikuwa anacheka peke yake, na anafuta macho.

Nilikishika kile kikombe bila kukiosha. Kwa hiyo alijua. Alijua tangu neno la kwanza, tangu kofia ya Wolota, na alifungua kikapu kwa sababu hiyo hiyo ya kujua. Si hadithi iliyomzuia. Kulikuwa na mtoto chumbani mwenye hofu kubwa kuliko yake, anayetokwa jasho akimtafutia sababu ya kukaa, na mtu mwenye kiburi kama Kukhu, ambaye kamwe asingesema anaogopa, aliipokea ile sababu kwa mikono miwili na akajifanya ni Linda. Mimi nilidhani ninamwongoza kipofu. Kumbe ni yeye aliyekuwa amenishika kichwa.

Jikoni kulikuwa na watoto, wajukuu na vitukuu, wameyazunguka meko wakiota moto kwa kuwa asubuhi ilikuwa na ukungu. Nilipoingia na vikombe msichana mmoja, mtoto wa binamu yangu, wa miaka minane hivi, alisogea akanitazama masikio.

"Wewe ndiwe Nekesa wa Nairobi?"

Nikamwambia ndiye mimi.

Akawageukia wenzake, wakanong'onezana, kisha akaniambia kwamba Kukhu aliwasimulia habari za Wolota kila Alhamisi, tangu mama zao wakiwa wadogo. Linda sasa ana watoto wanne. Wolota ana ng'ombe kumi na mmoja na ameuza piano zote isipokuwa moja. Sikuwahi kusimulia lolote kati ya hayo. Alhamisi ya mwisho, akasema, Kukhu hakumaliza, alichoka, akawaambia mengine anayo Nekesa, akija mumuulize.

Nikaweka vikombe chini. Nikauliza aliwaachia wapi.

"Mapacha wamevuka mto kutafuta ndama," akasema, "na mvua imeanza kunyesha huko juu."

Nikaketi kati yao, wakanisogezea nafasi karibu na moto.